Carlanca na Fimbo ya Zamu

Jina alilobatizwa ni Benilde Ferreras, lakini mgeni akifika kijijini Valdecorzas na kuulizia nyumba ya Benilde Ferreras, ataelekezwa makaburini, alikolala bibi yake mwenye jina hilohilo. Akiulizia nyumba ya Carlanca, hata mbwa watampeleka.

Carlanca ni mkufu wa chuma wenye miiba, ambao wachungaji wa milima hii huwavisha mbwa wao. Mbwa mwitu akimvamia mbwa wa kondoo huanza na koo, na akiuma carlanca huumia kinywa mwenyewe. Benilde alikuwa bi harusi wa miezi michache tu siku mumewe, Eutimio, alipolala kitandani na homa, na kengele ya kanisa ikalia kuita baraza la kijiji. Kila nyumba hupeleka mtu mmoja barazani, na kila nyumba ina sauti moja. Benilde alikuwa uani akigongea mwiba uliong'oka katika mkufu wa mbwa wao. Aliposikia kengele aliondoka vilevile alivyokuwa, mkufu mkononi, akaenda kuketi kwenye benchi la mawe katika kibaraza cha kanisa.

Alikuwepo mwanamume mmoja aitwaye Saturio, mwenye sauti nene na heshima nyembamba. Alimtazama kutoka juu hadi chini, akauliza kwa nguvu ili wote wasikie:

"Kwa Eutimio suruali zimekwisha, hata tunaletewa sketi?"

Watu wakacheka. Benilde aliufungua mkufu, akajivika shingoni, akakaza kifungo chake polepole, kisha akaiweka mikono mapajani.

"Endeleeni," alisema. "Nimeambiwa kwamba humu watu huumana koo. Nimekuja nimejiandaa."

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kumcheka yeye tena, kilikuwa cha kumcheka Saturio. Tangu siku ile akaitwa Carlanca, na jina likamkaa kama kilivyomkaa kile chuma. Eutimio mwenyewe, alipopona, alimwita hivyo kitandani na mezani mpaka siku alipofariki.

Sasa Benilde ni mwanamke wa nywele nyeupe na goti la kulia lisilotii. Binti yake yuko Valladolid, mwanawe yuko bandarini Gijón, na kila majira ya baridi yanapokaribia wote wawili humpigia simu wakimsihi aende akaishi nao. Jibu lake halijawahi kubadilika: "Na zamu yangu ataichukua nani?"

Kwa maana Valdecorzas kondoo huchungwa kwa zamu. Hakuna nyumba yenye kundi la kutosha kumwajiri mchungaji, wala yenye watu wa kutosha kwenda mlimani kila siku. Hivyo kondoo wote huwa kundi moja, na leo huwachunga mtu wa nyumba hii, kesho wa nyumba ile, kwa kufuata milango ya barabara kutoka juu kushuka chini. Asubuhi kila mwenye kondoo hufungua zizi, na kondoo hujiendea wenyewe hadi kwenye chemchemi, pale uwanjani, anakowangoja mwenye zamu. Alama ya zamu ni fimbo ya mti mgumu, iliyong'arishwa na mikono ya watu ambao wengi wao majina yao yamo makaburini. Aliyemaliza siku yake huiegemeza jioni kwenye mlango unaofuata. Habishi hodi, hasemi neno. Anayeikuta hutoka nayo kesho yake. "Fimbo haina mdomo," husema watu wa hapa, "na aliyeikuta mlangoni naye hana mdomo." Anaweza kubadilishana siku na mwenzake, lakini kuikataa hawezi. Na ikiwa mnyama ataliwa mlimani, mchungaji humletea mwenye mnyama huyo sikio lenye alama ya nyumba yake, na mambo huishia hapo; hakuna lawama wala maswali.

Zamani fimbo ilichukua muda mrefu kuzunguka kijiji. Siku hizi ina milango minne: wa Benilde, wa shemeji yake Gaudencio, wa Herminio ambaye ndiye mwenyekiti wa baraza, na wa ndugu wawili wanaoishi kinuni. Benilde ana kondoo kumi na wachache. Goti lake huvumilia mlima siku moja, kisha huhitaji mapumziko ya siku tatu. Zamu ikiwepo, ana kondoo. Zamu ikivunjika, hana budi kuwauza, na akiwauza hana tena sababu ya kuwapa wanawe jibu lile.

Msimu ule wa vuli, katika siku ya zamu yake, ukungu ulishuka mlimani kabla ya adhuhuri, mzito kama maziwa. Centella, mbwa wake, alibweka mara moja kwa sauti ambayo Benilde aliitambua. Kundi likapasuka vipande viwili. Alijaribu kukimbia, goti likakataa, akaketi juu ya jiwe akipiga mayowe na kugonga miamba kwa fimbo, huku akisikia yaliyokuwa yakitendeka mahali asipopaona. Kwa kitambo kidogo ukungu ulifunguka, akamwona mbwa mwitu: mwembamba, rangi ya majani makavu, amesimama juu ya kondoo aliyekwisha kuanguka. Kisha Centella akatokea na mnyama akatoweka. Centella alirudi na mkufu uliopinda, miiba kadhaa imeng'oka, lakini shingo yake ilikuwa nzima.

Jioni ile Benilde aligonga mlango wa Gaudencio, akampa masikio mawili ya kondoo wake wawili, yamefungwa katika kitambaa. Gaudencio aliyageuza, akaitazama alama yake.

"Wote wawili walikuwa na mimba," alisema.

"Najua, shemeji."

"Goti je?"

"Liko hapo."

Alimkaribisha ndani, akammiminia kikombe cha mchuzi wa moto, na hakumwuliza lolote. Hivyo ndivyo desturi ilivyotaka. Lakini lile ambalo desturi ilimkataza kumwambia Benilde, Gaudencio aliwaambia wengine wote kwa majuma mawili mfululizo, na lawama zote alimtupia mbwa mwitu.

Hakuwa peke yake. Katika vijiji vyote vya upande huu wa mlima watu walikuwa wamechoka. Sheria ya sasa hairuhusu mbwa mwitu kuuawa, na wafugaji walipanga kuandamana mjini Zamora siku ya Jumapili kudai ruhusa hiyo. Kila kijiji kingepeleka bendera yake, zile bendera ndefu zinazobebwa kwa mlingoti na watu watatu siku za sikukuu. Valdecorzas nayo ina bendera, nyekundu na kijani, na inamilikiwa na kijiji kizima. Kwa hiyo, Alhamisi jioni, kengele ikalia.

Walikusanyika kibarazani, makoti yamefungwa hadi kidevuni. Herminio alieleza jambo kwa maneno machache, kama kawaida yake, kisha Gaudencio akasimama. Ni mtu mfupi, mpana, mwenye nyusi nene kama brashi, na kundi lake ndilo kubwa kuliko yote.

"Bendera iende," alisema. "Sina hotuba. Nina masikio mawili kwenye kitambaa, atakaye hotuba nitamwonyesha."

Leire aliinua mkono. Huyu ni mwanamke wa Bilbao, mji wa bandari, ambaye miaka mitatu kabla alikuja na mumewe Unai, wakainunua nyumba ya marehemu Obdulia iliyokuwa imefungwa, wakaezeka paa na kuigeuza nyumba ya wageni. Wageni wao huja kutoka mbali, hulala mapema, na alfajiri hupanda kilimani na darubini kumtazama mbwa mwitu. Kwa ajili yao gari la mkate limeanza tena kupita kila siku, na mkahawa wa chini, uliokuwa umefungwa, una moto majira ya baridi.

"Mzee Gaudencio, pole kwa kondoo wako, nasema kwa moyo," alianza Leire. "Lakini bendera ni yetu sote. Ikienda Zamora, na mimi nimekwenda. Nitakuwa naandamana kukipinga chakula cha wanangu."

"Chakula cha wanao kimekula chakula cha wangu."

"Serikali inatoa fidia."

"Fidia! Binti, umewahi kumwona fidia akinyonyesha?"

"Sijamwona. Lakini gari la mkate nimeliona. Lilirudi hapa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya kondoo?"

"Mkate tuuache nje," alisema Herminio. "Tukianza mkate hatutamaliza."

"Wageni wako wanalipa kumtazama," aliendelea Gaudencio. "Mimi ndiye ninayemlisha, na silipwi hata tiketi ya kuingilia."

"Njoo alfajiri, nitakukopesha darubini, bure."

"Darubini ya nini? Mimi namwona mpaka ndotoni!"

Watu wakacheka, wa upande huu na wa upande ule. Lakini kilikuwa kicheko kifupi, maana kila mmoja aliona kwamba mwenzake naye alikuwa na ukweli mkononi, na hakuna jambo linalokera zaidi ya hilo. Herminio akaitisha kura. Mikono ya wanaotaka bendera iende ikainuliwa, akaihesabu. Ya wasiotaka ikainuliwa, akaihesabu, kisha akazihesabu kura zote upya. Zilikuwa sawa. Mikono ya Benilde ilikuwa bado mapajani.

"Carlanca," alisema Herminio, "mikono yako imeshikwa na baridi?"

"Haijashikwa. Imepumzika."

"Shemeji," Gaudencio akamgeukia, "kati yetu sote hapa, wewe ndiye uliyemwona. Waambie ulichokiona."

Benilde alifikiri kidogo. Hakupenda kusema jambo kabla halijatulia kichwani.

"Niliona mnyama mwenye njaa," alisema. "Nikaona mbwa wangu akimfukuza. Nikajiona na mimi nimekaa juu ya jiwe kama furushi, kwa sababu goti langu halikutaka kuinuka. Hayo ndiyo niliyoyaona, na hayabebeki kwenye bendera, ya kwenda wala ya kubaki."

Kura zikifungana, jambo hubaki kama lilivyokuwa. Bendera ingebaki kanisani. Gaudencio alivaa kofia yake, akaikandamiza kwa mikono miwili.

"Haya," alisema. "Bendera ikibaki, kondoo wangu wametoka katika zamu. Nitawachunga mwenyewe, na mbwa wangu watakwenda na kondoo wangu. Mtu asiiegemeze ile fimbo mlangoni kwangu."

Akaondoka. Ndugu wawili wa kinuni wakatazamana, na mkubwa akasema kwa sauti ya chini kwamba bila kundi la Gaudencio na mbwa wake, wao hawangejisumbua, wangeuza. Herminio hakusema kitu, naye kwa kawaida hunyamaza anapokubaliana na jambo asilolipenda.

Benilde alirudi nyumbani, akachemsha supu ya vitunguu saumu na mkate mkavu, akaila taratibu. Fimbo ilikuwa pembeni mwa mlango wake, kwa kuwa zamu ya kesho yake, Ijumaa, ilikuwa yake. Baada yake ilimfuata Gaudencio. Ndiyo kusema fimbo ingekwama Ijumaa jioni, na hapo ingekuwa kuni.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akaanza kuihesabu milango kama alivyofundishwa utotoni, kuanzia juu, si milango ya sasa bali ya zamani. Na alipofika kwake akakumbuka jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelisahau. Kati ya mlango wake na wa Gaudencio palikuwa na mlango mwingine. Ulikuwa wa Obdulia. Obdulia, miaka yake ya mwisho, hakuwa na hata kondoo mmoja, ila fimbo ilipofika kwake alitoka nayo, amejitanda shali, kwa kuwa kanuni ilikuwa wazi: mlango unaotoa moshi una zamu. Alipokufa moshi ukakatika, fimbo ikauruka mlango ule. Sasa moshi ulikuwa umerudi kwa miaka mitatu, na hakuna aliyefikiri kuirudisha fimbo. Leire alikuwa mgeni, na hakuwa na kondoo, basi. Lakini mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapa ilikwisha kuwa miaka.

Ijumaa Benilde alichunga bila tukio lolote. Kondoo wa Gaudencio hawakuwemo. Alikuwa amewafungia zizini, wakila nyasi kavu. Jioni, aliporudi, alishuka barabara kwa hatua zake fupi hadi kwenye mlango wa nyumba ya wageni, akaiegemeza fimbo ukutani upande wa kulia, mahali ilipokuwa ikiegemezwa enzi za Obdulia. Hakubisha hodi, wala hakusema neno. Alikwenda kulala.

Asubuhi ya Jumamosi aliamshwa na mlio wa kondoo. Si mlio wa kondoo waendao malishoni, bali wa kondoo waliosimama na njaa. Alivaa viatu, akawafungulia wake, akatoka. Uwanjani, kuizunguka chemchemi, lilikuwa limesimama kundi zima la kijiji, na katikati yake alikuwepo Gaudencio, amejaa hasira, anajaribu kuwachomoa kondoo wake mmoja mmoja. Alikuwa amefungua zizi awapeleke mlimani kivyake, lakini kondoo hawakuhudhuria baraza la Alhamisi. Mlango ulipofunguliwa walikwenda wanakokwenda siku zote, wakachanganyika na wenzao. Kila alipomtoa mmoja, wawili walirudi.

"Yuko wapi mwenye fimbo?" alifoka. "Carlanca! Umeipeleka wapi?"

"Nimeipeleka mlango unaofuata."

"Kwangu haipo!"

"Unaofuata si wa kwako. Ni wa Obdulia."

Herminio, aliyekuwa ametoka na kandambili, alianza kuihesabu milango kwa kidole, akafika, akatikisa kichwa polepole kukubali.

Mlango wa nyumba ya wageni ukafunguka. Leire akatoka na kikombe cha kahawa, na nyuma yake wageni wawili wa kutoka Barcelona, tayari wanapiga picha.

"Habari za asubuhi! Leo kuna sherehe gani?"

"Mwanangu," alisema Benilde, "jana jioni uliikuta fimbo mlangoni?"

Uso wa Leire ukachangamka.

"Niliikuta, shangazi! Nilijua tu ni wewe. Baada ya maneno yale ya barazani, nikasema, Shangazi Benilde ametuletea zawadi ya amani. Nilikuwa nataka kuja kukushukuru. Nimeitundika sebuleni juu ya meko. Imependeza kweli!"

Gaudencio akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa chemchemi.

"Ameitundika!" alisema, machozi yakimtoka. "Mama yangu! Zamu ya Valdecorzas imetundikwa ukutani kama picha ya mtakatifu! Mmeiwashia na mshumaa?"

Leire alitazama huku na huku, asielewe, mashavu yakiwa mekundu. Benilde alimwendea.

"Kosa ni letu," alisema kwa upole. "Huku tumezoea kwamba fimbo ile inajieleza yenyewe. Kila aliyeikuta mlangoni alizaliwa akijua maana yake. Wewe hakuna aliyekuambia." Akamweleza pale pale habari za mlango, moshi na zamu, bila haraka, kama mtu anayemfundisha mwingine kufuma. "Leo wachungaji ni nyinyi. Wewe au Unai."

"Unai amekwenda kununua vyakula vya wageni. Shangazi, mimi sina hata kondoo mmoja!"

"Obdulia naye hakuwa nao."

"Ninaogopa."

"Unaogopa nini?" akadakia Gaudencio. "Mbwa mwitu? Si rafiki wa familia?"

Leire akamtazama usoni.

"Naogopa kondoo," alisema. "Wakianza kukimbia sijui nifanye nini. Mbwa mwitu sijui. Hatujawahi kukutana karibu."

Lilikuwa jibu la kweli. Leire alikabidhi kikombe chake kwa mgeni mmoja, akaingia ndani, akatoka amevaa buti na fimbo mkononi. Aliishika kama watu wanavyoshika ufagio. Gaudencio alitema mate pembeni, akapiga mluzi kuwaita mbwa wake wawili.

"Ieleweke," alitangaza, "siendi kwa zamu. Nakwenda kwa ajili ya kondoo wangu, ili wasipelekwe kupigwa picha."

"Ieleweke," akasema Herminio, akirudi ndani na kandambili zake.

Mkufu wa Centella ulikuwa bado haujatengenezwa. Benilde aliuchukua ule wa zamani uliokuwa umetundikwa msumarini jikoni, uleule aliojivika barazani akiwa bi harusi, akamfunga mbwa, akampiga kofi la mgongoni. Centella akawafuata. Kundi likapanda kwa njia ya mialoni, mbele Leire, nyuma Gaudencio, na kabla hawajapotea kwenye kona Benilde alisikia sauti ya shemeji yake: "Usitangulie sana, mwanamke! Hao si watalii, hawakufuati kwa sababu umewatabasamia!"

Siku nzima alikaa kwenye benchi la nje akiutengeneza ule mkufu uliopinda. Ni kazi isiyotaka pupa. Kwanza alivinyoosha vipande vya chuma juu ya jiwe, kimoja kimoja. Kisha akaiondoa miiba iliyolegea. Kisha akaikata misumari mipya na kuinoa kwa tupa. Mikono iliendelea, lakini masikio yalikuwa mlimani. Alijua kwamba amecheza kamari na mali ya watu. Ikiwa Leire atapoteza kondoo, hata mmoja, Gaudencio hatasahau, na safari hii desturi haitamfunga mdomo. Ikiwa watagombana huko juu na kila mmoja akarudi kwa njia yake, kundi litarudi vipande vipande, na itakuwa ndiyo mara ya mwisho kundi la Valdecorzas kupanda mlima pamoja. Binti yake alipiga simu saa ya chakula.

"Mama, unafanya nini?"

"Nagongea mkufu."

"Na kondoo?"

"Wako kazini," alisema Benilde, na hakueleza zaidi.

Alasiri ukungu ukashuka. Ulifunika kwanza kilele, halafu mialoni, halafu paa la kinu. Benilde aliweka nyundo chini. Alisikia mbwa wakibweka mbali, wote watatu kwa pamoja, kwa sauti ile aliyoitambua. Aliinuka, akasimama na mkono ukutani. Mbwa wakanyamaza. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya, kwa hiyo aliketi, akaichukua nyundo.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya ukungu aliposikia njuga za kondoo. Hazikuwa za kondoo wachache waliotawanyika, zilikuwa nyingi, zimesongamana, zinashuka kwa mwendo mmoja. Centella alitokea wa kwanza, amelowa, akaja akalala miguuni pake. Kisha likatokea kundi, kisha Leire, matope hadi magotini, sauti imemkauka. Gaudencio alikuwa nyuma, na alianza kusema kabla hajafika.

"Shemeji! Umekosa mambo! Alitutokea pale kwenye miamba, hatua chache tu, wala hakujificha. Mimi nilikuwa chini na wale wa nyuma. Nikasikia huyu mwanamke anamtukana! Matusi ya Bilbao, shemeji, matusi ya bandarini! Mimi nimekaa jeshini na yale sijawahi kuyasikia. Nimekwenda mbio nikidhani amekutana na mwanamume."

"Na yeye?"

"Nani, mbwa mwitu? Alisikiliza kidogo, akaona aibu, akaondoka. Mbwa wakamsindikiza."

"Kondoo?"

"Wote wapo," alisema Leire kwa sauti iliyokwaruza. Aliketi kwenye benchi pembeni ya Benilde bila kukaribishwa, akiwa bado ameishika fimbo, safari hii kwa namna inavyostahili kushikwa. "Shangazi, nimemtazama yule mnyama mara nyingi sana. Leo ndiyo mara ya kwanza yeye kunitazama mimi."

Benilde aliitikia kwa kichwa. Hakuhitaji kuelezwa.

"Lakini kura yangu ya bendera ni ileile," Leire akaongeza, akimgeukia Gaudencio.

"Nani amekuomba kura? Mimi kesho nakwenda Zamora, bendera au bila bendera. Nitavaa njuga shingoni ikibidi." Kisha akajikuna chini ya kofia, akaitazama fimbo, akautazama mlango wake uliokuwa wa pili kutoka pale. "Tatizo ni kwamba fimbo hiyo ikitoka kwako leo, inakuja kwangu. Na kesho sitakuwepo."

Benilde aliinamisha kichwa juu ya mkufu ili shemeji yake asiuone uso wake. Mtu aliyetoka katika zamu hana siku ya kukosa. Hakulisema hilo, lilikuwa neno ambalo lingeharibika likitiwa hewani.

"Basi tubadilishane," alisema Leire. "Kesho nitawachunga mimi na Unai. Wewe nenda ukampigie kelele rafiki yangu."

"Nitampigia, usiwe na shaka."

"Na ukirudi utanilipa siku."

"Nitakulipa siku. Lakini sharti moja."

"Lipi?"

"Usiitundike."

Leire alicheka kwa sauti isiyotoka, akainuka kwa shida, akaenda na fimbo yake. Kondoo wa kila nyumba walikuwa wamekwisha kuyaendea mazizi yao. Gaudencio alisimama kidogo akiwatazama wake wakiingia, akamwambia Benilde usiku mwema, akaenda kuwafungia.

Ulibaki mwiba mmoja. Benilde aliuweka katika tundu lake, akaugeuza mkufu juu ya jiwe, akaugonga mpaka kichwa chake kikalala bapa upande wa ndani, kisiweze kumkwaruza mbwa. Alipitisha kidole gumba kwa ndani, polepole, duara zima, akitafuta ncha yoyote iliyosahaulika. Hapakuwa na ncha. Akamvua Centella ule mkufu wa zamani, akamvika huu, akafunga kifungo, akaingiza vidole viwili kati ya chuma na manyoya kuhakikisha haumbani. Kisha akaurudisha ule wa zamani jikoni, akautundika kwenye msumari wake.